Bekhendi ya Onesmus

Onesmus alikuwa na bekhendi mbaya kuliko zote Juba, na wala simsingizii. Mpira ukija upande wake wa kushoto, alikuwa radhi auzunguke mbio mbio ili aupige kwa upande wa kulia, mithili ya mtu aliyemwona mama mkwe wake sokoni. Na kwa kuwa mpira haukuwa na subira, mara nyingi alifika kachelewa, akapiga hewa, akailaumu raketi. Raketi mbili alizibadilisha kwa sababu hiyo. Ya tatu aliiagiza Nairobi, ikaja na mfuko wake na kijitabu cha maelezo, ikapiga hewa vilevile.

Klabu yenyewe, pale mtaa wa Hai Jalaba, ilikuwa na uwanja mmoja tu wa saruji na wanachama ishirini na wawili, na ugomvi wote ulianzia hapo. Juba mwezi wa Machi haina mzaha. Mwenye akili zake anacheza saa kumi na mbili asubuhi, la sivyo anakaa nyumbani. Asubuhi za wiki ni sita, ukiondoa Jumapili ambayo watu wako kanisani. Kwa hiyo palikuwa na ubao ukutani wenye majina yote, kuanzia mchezaji bora mpaka wa mwisho. Sita wa juu kila mmoja alikuwa na asubuhi yake, aje na mtu anayemtaka. Kuanzia wa saba kwenda chini waligawana saa nane mchana, saa ambayo hata mbwa wamejificha chini ya magari.

Onesmus alikuwa wa sita. Asubuhi yake ilikuwa Alhamisi, na mtu aliyemwita kila Alhamisi ni Marvin, Mkenya mwenzake, mhasibu wa hoteli na katibu wa klabu. Walicheza, wakataniana, wakanywa chai ya tangawizi pale langoni, na saa mbili kasorobo Onesmus akawa benki na tai yake shingoni. Humo benki hakutoka mpaka jioni. Kwa hiyo akiporomoka mpaka nafasi ya saba, saa nane mchana isingemfaa kitu, na tenisi ingekuwa imekwisha. Mkewe Awino na watoto walikuwa Kisumu. Wiki nzima alizungumza na wateja, jenereta na dari ya chumba chake. Alikuwa mpweke, tena sana, na Alhamisi ndiyo iliyomshikilia asirudi kwao.

Basi siku moja alikuta chini ya jina lake mshale wa chaki, umetoka kwenye jina linalofuata ukielekea juu. Mzee Fortunato, wa saba, alikuwa amemwomba mechi ya kugombea nafasi yake. Seti moja, baada ya wiki mbili, wa kwanza kufikisha gemu sita ameshinda, maana kwa joto lile hakuna aliyetaka kuongeza hata dakika.

Mzee Fortunato alikuwa muuza mabati wa soko la Custom, mwenye miaka sitini na mitatu, aliyeishi uhamishoni Uganda tangu ujana mpaka mvi. Tumbo lilimtangulia, na magoti yake yalilia kiasi kwamba ungeyasikia kutoka upande wa pili wa wavu. Hakukimbia kamwe. Alisimama katikati akiwakimbiza wengine, mpira mmoja huku, mmoja kule, mpaka ukaomba maji.

"Miaka sitini na mitatu?" Awino alicheka kwenye simu. "Na wewe una arobaini na mbili. Usiniambie unaogopa."

"Siogopi. Najiandaa."

Kujiandaa kwenyewe kulikuwa kutazama video. Alisimama mbele ya kioo cha kabati akijifunza kuzungusha mkono, na siku ya tatu akavunja taa. Ndipo akapiga moyo konde akamfuata Teresina.

Teresina alikuwa fundi cherehani wa Custom, mshonaji wa sare za shule, aliyejiunga na klabu mwezi wa Novemba baada ya kurudi kutoka Kampala. Huko aliwahi kufundisha tenisi. Kwenye ubao alikuwa wa kwanza, na hakuna aliyethubutu kuandika mshale chini ya jina lake. Alikubali kumfundisha Onesmus asubuhi yake ya Jumatatu, akampeleka upande wa lango, akaanza kumrushia mipira kushoto. Baada ya mipira kumi akaishusha raketi.

"Wewe iko naruka nini hapo?"

"Sijaruka, dada."

"Unaruka. Ukifika kona ya kushoto unaruka, halafu unakimbia nyuma ya mpira. Mimi nafikiri hii ni mtindo ya Kenya. Lakini hata Marvin anaruka. Hata ile mzee ya mabati. Hii klabu yote inaruka kama mbuzi ameona nyoka. Kuna nini?"

"Kuna shimo," alisema Onesmus.

Wote wawili wakatazama chini. Hapakuwa na shimo. Palikuwa na saruji, mpya kidogo kuliko nyingine, laini na imara.

Lilikuwapo, hilo ni kweli. Kwa miaka minne kona ile ilikuwa na shimo la ukubwa wa sahani ya ugali. Ezbon, mwanachama wa zamani, aliteguka kifundo cha mguu humo, na watu wakajifunza kuliruka, na waliokuja baadaye wakajifunza kutoka kwao. Mwezi wa Agosti mtu alilijaza. Mvua ilikuwa ikinyesha, hakuna aliyeangalia nani. Jua liliporudi, watu wazima ishirini na mmoja, wenye shahada na biashara na vyeo, waliendelea kuruka shimo lililokwisha kuzibwa. Onesmus alikuwa akiitazama saruji ile miezi saba bila kuiona. Bekhendi yake yote ilizaliwa humo: ukishajifunza kuruka kushoto, huwezi kupiga kushoto.

"Kuruka iko," alisema Teresina, akicheka mpaka akajifuta macho. "Lakini unaruka kidogo, pale mwenzako anapiga. Miguu miwili inatua pamoja, unakuwa tayari. Halafu geuza bega. Halafu mguu ya kulia mbele, piga mpira mbele ya goti. Hapana ngoja ikupite. Na hapa," aligonga ile saruji kwa kisigino, "hapa simama kama unalipia kodi."

Alimsimamisha palepale. Mipira hamsini, mia. Mguu wa Onesmus ulikataa, ukaruka, ukakemewa kwa Kiswahili cha Kampala na Kiarabu cha Juba kwa pamoja. Jumatatu ya pili ulianza kutulia. Mwisho wa asubuhi hiyo bekhendi ilitoka, ya kweli, mpira ukapita juu ya wavu ukaenda kutua pembeni kabisa. Onesmus alitaka kulia kwa furaha, na alilia kidogo, akasema ni jasho.

"Tusimwambie mtu juu ya shimo," alisema.

Teresina alimtazama. "Khalas, basi, siri yako. Lakini ni aibu yako pia."

Siku ya mechi klabu nzima ilikuja. Marvin alikaa kwenye kiti cha mwamuzi akijifanya hana upande. Mzee Fortunato alianza vilevile kama kawaida yake, mpira kushoto, kushoto tena, akisubiri Onesmus aanze kuzunguka. Onesmus hakuzunguka. Aligeuza bega, akaweka mguu, akapiga. Mzee aliutazama mpira ukimpita, kisha akamtazama Onesmus, kisha akaitazama raketi yake mwenyewe.

Walikwenda bega kwa bega mpaka nne kwa nne. Katika gemu ya tisa mzee alikuwa upande wa lango, na Onesmus akafanya jambo ambalo asingelisimulia kwa watoto wake. Kila mpira aliupeleka kwenye ile kona. Kila mara mzee aliruka. Kila aliporuka goti lililia, naye akakunja uso, akapiga nje. Mara ya tatu Onesmus alisikia moyo ukimsuta. Neno moja tu lingemwokoa mzee. Hakulisema. Aliupeleka tena kulekule, akashinda gemu, tano kwa nne.

Wakabadilishana pande. Sasa kona ile ingekuwa yake yeye, na ukweli haukuwa na hasara tena, kwa hiyo alipokutana na mzee kwenye wavu dhamiri yake ilipata ujasiri wa ghafla.

"Mzee, samahani. Lile shimo halipo. Lilizibwa tangu Agosti. Usiruke."

Mzee Fortunato alikunywa maji taratibu.

"Mimi najua," alisema. "Mimi ndiyo naziba. Nilileta simiti kwa duka, nikachanganya na mkono yangu hii. Kichwa inajua kabisa. Mguu ndiyo imekataa." Akampiga bega. "Yako imekubali? Wewe iko na bahati."

Akaenda zake kushika nafasi. Mpaka leo Marvin anaapa kwamba mzee alisema vile makusudi. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba Onesmus alifika upande wa lango akaanza kuufikiria mguu wake, na mguu ukifikiriwa sana hauna maana. Mpira wa kwanza ulikuja kushoto. Alijiambia asiruke. Akaruka. Teresina alijifunika uso kwa kofia.

Gemu ile ilikwenda. Tano kwa tano. Iliyofuata alipigana nayo, akasahau mguu kwa pointi mbili, akaukumbuka kwa nne. Mpira wa mwisho ulikuwa wa pole pole kabisa, wa kumpa mtoto. Onesmus alikuwa na muda wote duniani. Aligeuza bega vizuri, akaleta raketi nyuma vizuri, akaruka shimo lisilokuwepo, akapiga wavu.

Watu walipiga makofi. Marvin alishuka kitini bila kumtazama, akafuta majina mawili kwa kiganja, akayaandika upya kwa chaki. Onesmus alienda kwenye wavu akiwa amejawa na hasira, juu ya mguu wake hasa, akatoa mkono.

"Hongera, Mzee."

Mzee hakuuachia ule mkono. "Alhamisi ilikuwa yako miaka ngapi?"

"Mitatu."

"Mimi nyumba yangu iko pale." Alionyesha kwa kidevu bati jekundu nyuma ya ukuta. "Duka nafungua saa tatu. Kila Alhamisi niko kwa kitanda, nasikia nyinyi napiga, pa, pa, nyinyi nacheka, nyinyi nakunywa chai. Miaka mitatu. Hata siku moja wewe hapana niita."

Alilisema bila kinyongo, na hapo ndipo lilipouma. Onesmus alitafuta kisingizio, mtu wa benki hakosi kisingizio, akakikosa. Hakuwahi kumwita kwa sababu alimwona mzito na mzee na asiyechangamsha. Basi. Alikuwa akijionea huruma kwa upweke wake hatua sitini kutoka kwenye kitanda cha mtu aliyekuwa akiwasikiliza.

"Nisamehe, Mzee," alisema. Halafu, kwa sauti ya mtu aliyesahau kiburi chake mahali, "Unaweza kuniita mimi. Niko huru. Asubuhi niko huru kabisa."

"Nitaita wewe," alisema Mzee Fortunato, na akatabasamu mpaka meno ya ndani. "Mafi mushkila, hakuna shida. Lakini hapana hii Alhamisi. Hii Alhamisi nataka kufurahi kwanza."

Alhamisi Onesmus aliamka saa kumi na moja na robo bila kengele, akanawa, akavaa kaptula, akafunga kamba za viatu. Alikuwa ameshashika raketi na kitasa cha mlango ndipo alipokumbuka kwamba Alhamisi haikuwa yake tena. Akarudi akaketi kitandani na viatu vyake, akaiweka simu juu ya goti, akaanza kuhesabu siku za kufikia Alhamisi nyingine.