Kigaga Kilichoitwa Simbizi

Ndihokubwayo alitoka nyumbani kwake Rwezamenyo asubuhi akiwa amefura kwa hasira. Kesho yake chumba cha mimea cha makumbusho kilikuwa kinafunguliwa kwa watu wote, na mjukuu wake Uwase, aliyetangulia kukiona pamoja na darasa lake, alirudi nyumbani akicheka: "Babu, kuna kitu kule kinaitwa Simbizi!"

Simbizi, kwa Kinyarwanda, ni "sijui". Mzungu mmoja aliuliza jina la kile kigaga cha kijivu kinachoshika magome ya miti, akajibiwa sijui, akaandika Sijui kuwa ndilo jina. Darasa zima likacheka. Ndihokubwayo hakucheka, maana kibandiko kilisema jina limetolewa na "Cécile wa Masaka, 1957". Cécile huyo alikuwa mama yake.

"Kiondoe," alimwambia Médiatrice, mtunzaji wa chumba, mara alipofika, hata salamu bado. "Mama yangu alitibu watu wa kilima kizima. Hamtamfanya kichekesho."

"Karibu, mzee. Kaa kwanza, na hasira nayo ikae."

"Hasira yangu imesimama tangu nikiwa mkimbizi Burundi. Imezoea."

Médiatrice alicheka, akavuta droo. Mzee akasogea kutazama, asipende. Majani yalilala juu ya karatasi, yameshonwa kwa uzi mwembamba, kila mshipa unaonekana; uyoga uliokaushwa ulikaa kwenye bahasha zake; na kigaga cha Masaka, baada ya miaka yote ile, kilikuwa kingali na rangi yake.

"Kibandiko cha zamani hatukibandui," Médiatrice alisema. "Hata kikidanganya."

"Ndiyo maana uongo wao hauzeeki!"

"Tazama hapa." Alimwonyesha jani moja lenye vibandiko vitatu. "Huyu alikosea. Huyu akamsahihisha. Jean-Luc, mtaalamu wetu wa mimea hapa, akawasahihisha wote wawili, akaweka jina lake na tarehe. Nikifuta, nani atajua kwamba walikosea?"

Ndihokubwayo aliinama, akasoma vyote vitatu, polepole. Miaka sitini alikuwa amebeba makosa ya wakubwa kichwani, hana pa kuyaweka. Kumbe kulikuwa na nyumba inayoyatunza, na mwanamke anayeyapangusa vumbi.

"Nipe jina la kweli," Médiatrice alisema, "nilibandike chini ya lile."

Hapo akakwama. Jina alilijua. Mama yake alimwambia huko Burundi, akisaga kigaga hicho kwa ajili ya vidonda: yule Mzungu aliagiza askari wawili wamtoe shambani, akamuuliza bila hata kumwamkia. "Nikamwambia simbizi. Aende nalo!" Kisha akacheka mpaka akakohoa. Sasa yeye akilitaja, mama ataonekana mjuzi mbele ya watu. Lakini kile mama alichomnyima Mzungu, mwanawe atakuwa amekitoa.

"Andika," alisema mwishowe. "Simbizi si jina, ni jibu. Cécile alijua, akakataa kusema, kwa sababu hakuamkiwa."

Kalamu ya Médiatrice ilisimama. "Na jina lenyewe, mzee?"

"Simbizi, mwanangu."

Médiatrice aliziba mdomo, mabega yakatikisika kwa kicheko. Aliandika yote, neno kwa neno, kisha akamsogezea karatasi.

"Anayesahihisha ndiye anayetia sahihi."

Mzee aliyejifunza herufi pasipo kuketi darasani alifuta kiganja kwenye koti, akashika kalamu, akaandika jina lake refu lote, herufi baada ya herufi, pasipo kuruka hata moja.