Mguu Pembeni ya Sahani

Alfani alipooa mke wa pili, Mouna hakupiga kelele wala hakurudi kwao. Alimpa sharti moja tu: huyo bibi akae mbali, na yeye Mouna asione kamwe kinachoingia katika nyumba yake. Alfani akakubali. Sifa, huyo wa pili, akatafutiwa nyumba mtaa wa Kituku, Mouna akabaki mtaa wa Kataki, humo humo Kalemie, na kwa miaka wale wanawake wawili hawakuwahi kusalimiana. Alfani alikuwa na boti la kubeba mizigo kati ya Kalemie na Kigoma, na kila safari alinunua viwili viwili: vikwembe viwili vya kuvaa, magodoro mawili, sufuria mbili. Mouna hakuona vya mwenzake, basi alilala usingizi wake vizuri.

Kisha Sifa akapata simu kubwa.

Akipika, anaweka picha kwenye statu. Akisuka, anaweka. Akifua pazia, anaweka. Mouna alizima ile alama inayoonyesha nani ameangalia, akawa anaingia kwa mbanda wake, huyo mke mwenziwe, kila siku bila kubisha hodi. Alilinganisha rangi za vikwembe. Alikuza picha kwa vidole viwili apime unene wa godoro. Lilikuwa sawa na lake, na hilo lilimuudhi zaidi, maana alikosa la kumlaumu mume.

"Acha kumwangalia basi," rafiki yake Gisèle alimwambia.

"Simwangalii yeye. Ninaangalia vitu vya mume wangu."

"Na siku simu zitakapotuonyesha watu mpaka kitandani, utaangalia?"

"Zitaanza lini?" Mouna akauliza, na wala hakuwa anatania.

Mwaka ule vita ilikuwa inateremka kandokando ya ziwa kutoka kaskazini. Watu wenye bunduki walikuwa wanakamata maboti pamoja na wenyewe, wawabebee wapiganaji, na waliochukuliwa hawakuwa wamerudi. Alfani akamtumia Mouna sauti kwenye simu: yuko Kigoma, atabaki huko mpaka hali itulie. Baadaye wale watu wakafika Kataki wakimtafuta. Walipekua hadi chini ya kitanda. Mouna akawaambia bwana yuko Kigoma, wakamtazama usoni, wakaondoka. Kumkosa mume kulimuuma, lakini alijifariji: na yule wa Kituku amemkosa vilevile.

Siku moja ya Ijumaa, siku ambayo ingekuwa zamu ya Mouna, Sifa akaweka picha ya chakula. Wali, samaki wa kukaanga, pilipili pembeni. Chini ameandika, "Alhamdulillahi." Mouna akaikuza picha aone kama sahani ni mpya. Pembeni ya sahani, juu ya mkeka, palikuwa na mguu wa mtu. Ulikosa kidole cha pili. Kidole hicho kilikatwa na panga la moteri ya boti zamani, kabla Alfani hajajua kama Sifa amezaliwa, na Mouna ndiye aliyeosha kile kidonda mpaka kikafunga.

Hakumpigia mume. Alichukua kapture ya ile picha kutoka kwenye kioo cha simu, akaituma kwenye grupu ya ukoo. Humo mlikuwa na mashemeji, wakwe, majirani, na wateja wa boti ambao hakuna aliyekumbuka nani aliwaingiza. Chini akaandika, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao:

"Karibu kutoka Kigoma, Papa Anwari. Kumbe siku hizi Kigoma iko Kituku. Na zamu yangu umeila na pilipili."

Vicheko vikamiminika. Mouna akavisoma kimoja kimoja, na kila kimoja kilimpoza moyo kidogo. Halafu simu ikalia. Alikuwa Djafari, mdogo wa Alfani.

"Shemeji, futa ile kitu."

"Nifute nini? Mwongo ni mimi?"

"Papa anajificha, shemeji. Tulijua watakuja kwako kwanza, kwa bibi mukubwa, njo maana hakukuambia. Uso wako haujui kudanganya."

"Wa Sifa unajua?"

"Futa," Djafari akasema tena, akakata.

Mouna akafuta. Lakini picha ilikuwa imekwisha kuruka kwenda kwenye grupu nyingine, na mtu mmoja, kwa kutaka kuchekesha, alikuwa ameuzungushia mguu duara jekundu. Kabla ya alasiri wale wenye bunduki walikuwa Kituku. Walikuta mkeka na sahani. Alfani alikuwa ameruka ukuta wa nyuma.

Alifika Kataki katikati ya wanawake waliotoka kuchota maji, amejitanda kikwembe mpaka usoni, bidoni la maji kichwani. Mouna alimtambua kwa jinsi alivyolibeba vibaya.

"Hapa wamekwisha kupekua," Alfani akasema akiwa chumbani. "Hawatarudi upesi."

Hakumgombeza. Mouna alingoja agombezwe, ikawa hakuna.

"Usimwambie muntu," Alfani akasema. "Hata Sifa. Yule simu yake inatangulia kusema, yeye anafuata."

"Hata Sifa," Mouna akarudia, na neno lilimkaa vizuri mdomoni.

Kesho yake Sifa aliweka picha ya Alfani akicheka. "Mwenye kumuona mume wangu anijulishe, kwa ajili ya Mungu." Mchana akaiweka tena. Halafu akaingia hata kwenye grupu ya ukoo, ambamo hakuwa amewahi kusema neno, akatuma sauti ya kilio. Watu wakampa pole. "Pole, mke wa Alfani," waliandika. Hakuna aliyemwandikia Mouna. Mwanamume mwenyewe alikuwa chumbani kwa Mouna, anakula bukari, ule ugali aliousonga yeye, na bado Mouna alimwonea Sifa wivu kwa sababu ya zile pole. Neno moja lingemtuliza yule dada. Mouna alilizuia siku nzima.

Asubuhi iliyofuata namba isiyo na jina ikaandika kwenye grupu: "Pole mama. Sisi marafiki zake tunamtafuta pia. Hakukuambia akipata shida anakimbilia wapi?"

Mouna akaingia chumbani. "Sifa anajua ungekimbilia wapi?"

Alfani akainamisha kichwa. "Nilimwambia likitokea jambo nitajaribu kufika hapa. Hajui kama nilifika ao nilikufa njiani."

Basi kumbe vile vilio vyote vilikuwa vinamwita yeye Mouna, aseme kama mume amefika. Na kumbe tena, Sifa alikuwa ameambiwa kila kitu, na mke mkubwa hakuambiwa chochote. Mouna hakupata nafasi ya kukasirika. Juu ya kioo cha simu paliandikwa: Sifa anaandika.

Akabonyeza kupiga. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumpigia.

"Usijibu ule muntu. Futa ulichoandika."

"Ni nani?"

"Ni mukubwa wako."

"Yaya," Sifa akasema, kama anayemwita dada mkubwa, "niambie tu kama..."

"Njoo unipe pole nyumbani. Leta chakula kama watu wanavyofanya. Simu iache kwako."

Sifa alikuja amepanda moto, pikipiki ya abiria, kikapu mapajani. Alikuwa mfupi kuliko kwenye picha, na macho yamevimba.

"Shikamoo, yaya."

"Marahaba. Pita."

Ndani, Sifa akatoa chini ya sahani karatasi yenye vidonge. "Dawa yake ya tumbo. Asipoimeza hapati usingizi."

"Najua," Mouna akasema. Hakujua. Usiku wa juzi na wa jana Alfani alikuwa anageukageuka kitandani, na yeye alidhani ni woga.

Angeweza kuzipokea zile dawa, akasema asante, akamrudisha. Alizitazama kwenye kiganja cha Sifa. Kisha akasogea mlangoni mwa chumba, akafungua, akampisha.

Alikuwa bado hajakaa vizuri uani aliposikia kicheko. Alfani hakuwa amecheka tangu alipofika. Kilikuwa kicheko chake kile kizito cha kwenye boti, na barabarani, nyuma ya uzio, watu walikuwa wanapita.

Mouna akaburuta kinu katikati ya ua, akatupa ndani sombe, majani ya muhogo, akashika mchi. Alitwanga kwa nguvu zake zote, kelele ifunike sauti za ndani. Jirani akauliza kutoka upande wa pili una wageni leo, mama. Mouna akajibu ni mbanda wangu, amekuja kunipa pole, akaendelea kutwanga. Majani yaligeuka uji, kisha maji, naye hakuacha, maana mle ndani walikuwa bado wanazungumza.