Shavu la Meja

Mbwa wa Bwana D.O., mzungu mtawala wa Gachoka, aliitwa Meja, cheo ambacho Mmbeere, mwenyeji wa pale, hangekipata hata angezaliwa mara tatu. Jumatatu moja ya mwaka 1954 mbwa huyo aliamka amevimba chini ya jicho la kushoto, na kabla chai ya bwana haijapoa, Gitari mtunza bustani alikuwa ametiwa pingu. Ati kamtupia Meja jiwe. Nani aliona? Hakuna. Enzi hizo za Hali ya Hatari, mashahidi wa nini? Jina lake liliandikwa kwenye orodha ya watu wa kizuizini, na lori lingeondoka saa sita.

Runji, msaidizi wa daktari wa mifugo, akaitwa aje kumtibu mbwa. Langoni alidakwa na dada yake Wanjugu, mke wa Gitari.

"Mwana wa mama, Gitari hajamgusa. Anamwogopa yule mbwa hata akiwa kwenye mnyororo."

"Najua."

"Basi waambie!"

"Ngoja kwanza nimfungue mdomo."

Alimkuta Bwana D.O. amepiga magoti barazani, ameshika mguu wa Meja, machozi yanamlengalenga. Runji aliyaona machozi yale. Mwezi uliopita mzee Njuki alikufa kwa jipu la jino ndani ya kijiji cha seng'enge, akiomba pasi ya kwenda hospitali, na hakuna bwana aliyempigia magoti.

"Jiwe napiga yeye hapa," D.O. alisema, akionyesha uvimbe. "Wewe tengeneza."

Runji alimdunga Meja sindano ya usingizi, akangoja ulimi ulegee, kisha akainua mdomo wa juu. Uvundo ukampiga usoni. Jino kubwa la kutafunia, lile ambalo mbwa hulitegemea kwa mifupa, lilikuwa limepasuka hadi kwenye ufizi. Usaha ulikuwa umejaa kwenye mizizi na kusukuma nyama chini ya jicho. Nje, ngozi haikuwa hata na mkwaruzo. Kule Ruiri alikwisha kuona mbwa wawili wa wachungaji wamevimba vivyo hivyo, na wenyewe waliapa kwamba walipigwa teke na ng'ombe.

Jino hilo lina mizizi mitatu, halitoki kwa pupa. Alilikata vipande, akalegeza kila mzizi, akaving'oa kimoja kimoja huku usaha ukitiririka. Akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akadunga penisilini. Barabarani lori lilikuwa limeshawashwa.

Aliweka vipande vile vitatu kwenye kiganja cha D.O.

"Hakuna jiwe, bwana. Jino limevunjwa na mfupa wa muundi wa ng'ombe. Mfupa ule ni mgumu kuliko jino. Nani humpa?"

Gachoka nzima ilijua. Kila Jumapili Idrisi mwenye bucha aliamriwa kuweka kando mfupa mmoja mkubwa, na Bwana D.O. alimpa Meja kwa mkono wake mwenyewe, akicheka kusikia unavyolia kwenye meno.

D.O. alivigeuza vipande, masikio yakamwiva. "Kazi mzuri," alisema hatimaye.

"Gitari atafunguliwa?"

"Karatasi nakwisha andikwa."

"Karatasi ni ya uongo, bwana."

"Kama hapana piga mbwa, yeye nakosa kitu ingine. Kosa iko siku zote."

Hasira hasara, mama yake alimfunza, na kwa miaka kumi na mitano ya "ndiyo bwana" Runji alikuwa ameushika usemi huo. Siku ile alichoka nao. Akainua mdomo wa Meja upande wa pili.

"Hili nalo lina ufa. Litavimba kabla ya miezi mitatu. Andika leo leo, bwana, nani atakuwa amempiga."

 D.O. akatoa kalamu mfukoni.

"Runji," alisema taratibu huku akiandika kwenye orodha ile, "mtoto ya nani?"

Wanjugu alisimama langoni akaona mumewe na kaka yake wakipandishwa lori moja, pingu moja mikono miwili. Alipiga kelele hadi askari akamwinulia bunduki.

Jino la pili lilivimba Agosti, kabla miezi mitatu haijaisha. Meja alilia siku tisa mfululizo, na Bwana D.O. akatuma watu hadi Embu kumtafuta mtu wa kuling'oa. Mwenye kujua kazi hiyo alikuwa kizuizini, anavunja mawe.