Matundu Manne ya Mkanda

Watu huita tundu kila penye upenyo: pa ufunguo, pa kifungo, pa sindano, hata vyoo huhesabiwa kwa matundu. Fundi wetu hakubali. Mwanamke huyu ameshona viatu na mikanda miaka ishirini na miwili, na kwake tundu ni lile lililotobolewa na mtu mwenye sababu. Mengine ni matobo, watoto wa uzembe. Mteja akimletea kiatu kilichochakaa na kusema, "Niangalizie hili tundu," hujibiwa, "Hilo tobo, mwenzangu. Tundu lina mwenyewe."

Mumewe alipofanyiwa upasuaji wa tumbo akaanza kukonda, suruali zikawa hazikai. Fundi akamsimamisha, maana kiuno cha mtu aliyeketi hudanganya, akatia alama kwenye mkanda na kutoboa tundu moja. Baada ya wiki, la pili. Kisha la tatu, na la nne. Ncha ya mkanda ikawa inaning'inia hadi pajani.

Shemeji yake, kaka wa mume, hakuwa mtu wa kuumeza ulimi. "Shemeji, ukate huo mkia. Na utoboe mengine matano kabisa, usihangaike kila wiki."

"Ngozi ukiikata hairudi," alijibu Fundi. "Na mimi sitobolei ugonjwa ambao haujafika."

Alisema kwa sauti kavu, lakini aliogopa, tena sana. Ni yeye aliyemfunga mumewe mkanda kila asubuhi, na vidole vyake vilijua jinsi mwili ule ulivyopungua. Ila woga wake hakuupa nyundo.

Wiki ya saba mume akaita kutoka chumbani, "Mama watoto! Mkanda huu unanisumbua!"

Fundi akachukua nyundo na chuma cha kutobolea. Shemeji, aliyekuwa sebuleni, akainamisha kichwa asimtazame.

Mume alikuwa amesimama kando ya kitanda, kakunja uso. "Unanibana. Safari hii ulitoboa vibaya."

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumtukania kazi yake, na hakuna sifa iliyowahi kumfurahisha kama tusi lile. Akaiweka nyundo kitandani, akafungua bizimu na kuirudisha kwenye tundu la tatu. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Bado matatu," alimwambia mumewe. "Twende ukale."