Madoa Matatu kwenye Picha za Damu

Kazini walimwita Kupe, maana akishika jambo haachii. Alikuwa mpimaji katika maabara ndogo ya mifugo, na asubuhi ile alikaa mbele ya hadubini amenuna kama mtu aliyetukanwa. Bingwa wa magonjwa ya ng'ombe, aliyekuwa mji mwingine, alikuwa amezikataa picha zake zote za damu ya ndama. "Hapa siwezi kusema lolote," aliandika. "Nisafishieni picha kwanza."

Uchafu haukujificha. Kila picha iliyotoka kwenye kamera iliyofungwa juu ya hadubini ilikuwa na madoa matatu meusi: mawili yamebanana pembeni, la tatu limekaa peke yake kuelekea katikati. Na huko bandani ndama mmoja alikuwa ameshakufa, wengine wanne walikuwa wakichemka kwa homa.

"Sasa niwachome sindano kwa kubahatisha?" daktari wa mifugo aliuliza, amesimama mlangoni na mabuti yake ya matope.

"Nipe mpaka mchana, Daktari."

"Mchana kweli, mdogo wangu. Wale hawawezi kungoja."

Kupe alisogeza slaidi. Damu ikahama kwenye skrini, madoa yakabaki palepale. Akabadilisha lenzi ya chini, akaweka yenye nguvu zaidi. Chembe za damu zikawa kubwa, madoa wala hayakujali. Akapangusa kioo cha taa. Wapi! Akachungulia kwenye hadubini kwa macho yake mwenyewe: safi kabisa, hakuna hata doa moja. Basi ubaya ulikuwa huko juu, upande wa kamera.

Hapo akampigia simu shemeji yake, mume wa dada yake, aliyekuwa fundi wa kamera mtaa wa pili.

"Leo umenikumbuka, shemeji? Umenipikia nini?"

"Utapikiwa na mkeo. Njoo na vifaa vyako, haraka."

Alipoingia alimkuta Kupe ameshaifungua kamera, ncha ya koti lake jeupe iko tayari kufuta kioo cha ndani.

"Weka chini hiyo nguo!" alifoka. "Ukikikwaruza hicho, imekula kwako. Irudishe kamera mahali pake, kisha izungushe kidogo."

Kupe akazungusha. Picha ya damu ikalala ubavu. Madoa mawili ya pembeni hayakutikisika kwenye skrini, lakini lile la tatu lilizunguka pamoja na damu.

"Ahaa!" Kupe alisema. "Mawili yako ndani ya kamera, ndiyo maana yanakwenda nayo. Hili moja liko chini yake, kwenye lenzi ya kiungio, hapa kamera inaposhikana na hadubini."

"Sasa mimi umeniitia nini?"

"Kubeba begi."

Walicheka, kisha wakainamia kazi. Shemeji aliiinamisha kamera uso chini, akapuliza kwa kipulizio cha mpira. Kupe akafuta lenzi ya kiungio kwa karatasi yake maalumu, taratibu, kutoka katikati kwenda nje. Wakaifunga kamera. Madoa yakawa matano.

Kupe aliduwaa. Halafu akainua macho darini, feni ikizunguka kwa raha zake na kuwamwagia vumbi. Akaizima, akafunga madirisha, jasho likaanza kumtiririka mgongoni. "Tunaanza upya," alisema. Wakafungua, wakapuliza, wakafuta. Doa moja sugu liliwarudisha nyuma mara kadhaa, mpaka skrini, bila slaidi, ikabaki nyeupe tupu.

Akarudisha slaidi ya damu. Doa jeusi!

Mkono wake ulikuwa umeshashika skrubu ya kamera alipojizuia. Akasogeza slaidi kwanza. Doa likasogea na damu. Akalifuata, akalikuza, akashusha pumzi. Lilikuwa ndani ya chembe nyekundu, vimelea viwili vimekutana kwa ncha kama mbegu mbili.

"Hii si kazi yangu tena," shemeji alinong'ona.

"Hii ni yangu."

Alipiga picha, akazituma. Bingwa alijibu kabla ya mchana, akataja ugonjwa na dawa yake, na daktari akaondoka mbio.

Ndama watatu walisimama na kunyonya. Wa nne hakupona. Daktari alipomletea habari hizo, Kupe alivuta boksi la slaidi mpya.

"Niletee damu ya kundi zima," alisema. "Hata wanaoonekana wazima."