Mzee Mwadini na Mwenye Kalamu

Mkalimani wa mahakama haongezi wala hapunguzi. Ndivyo nilivyoapa, na kwa miaka tisa hapa London nimekishika kiapo hicho bila kinyongo. Wiki ile kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mshtakiwa alikuwa Mzee Mwadini, mtu wa Tanga, miaka sabini na moja, anayekaa ghorofani mtaa wa Walthamstow. Jirani yake, Harrison, alianguka ngazini akavunjika nyonga. Harrison alidai amesukumwa bila sababu. Mzee alisema alikabwa koo kwanza, akasukuma ili apate kupumua. Hakuna aliyeona. Kwa hiyo yote yalitegemea nani ataaminiwa, na mzee asipoaminiwa, ni jela.

Siku ya kwanza wakili wake, Parminder, alimweleza kuwa watakaoamua ni watu kumi na wawili, raia wa kawaida. Nikatafsiri "wazee wa baraza", kama tunavyosema siku zote. Mzee akacheka.

"Nawajua hao, mwanangu. Mimi mwenyewe nilikuwa mzee wa baraza kule nyumbani, Mahakama Kuu, kesi ya mauaji. Tulikaa watatu, sote tukasema yule bwana hana hatia. Jaji akatushukuru, akaandika yake, akamtia hatiani. Wazee ni pambo tu. Mwenye kalamu ni jaji."

"Hapa si hivyo," alisema Parminder. "Hapa jaji haamui hatia. Wanaamua wao."

Alisema mara tatu. Nikatafsiri mara tatu, kila mara polepole zaidi.

"Hata sisi tulipambwa kwa maneno hayo hayo," alijibu mzee, akaomba chai.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, sawa, lakini huyu alikuwa ananichosha. Ningekuwa binti yake ningemgombeza mpaka sauti inikauke. Mkalimani hagombezi mtu.

Siku ya kutoa ushahidi alisimama kizimbani akawapa wale kumi na wawili bega. Alieleza vizuri, jamani! Mkono wa Harrison shingoni, macho kuingia giza, mpaka machozi yakamtoka. Yote akamwambia jaji. Jaji akamwomba kwa upole awageukie wale watu.

"Nawaheshimu, mheshimiwa," alisema mzee, "lakini mimi nasema na mwenye kalamu."

Kazini kwetu mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya mtu. Basi ni mimi, Siham, niliyesimama mbele ya watu wale nikawaambia kwa Kiingereza safi kwamba sisemi nao. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akafunga daftari lake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mapumziko yalipofika nilimkimbilia Parminder. "Hajakuamini. Mwambie tena!"

"Bado yuko katika ushahidi," alisema, uso umemshuka. "Mpaka amalize siruhusiwi kuzungumza naye habari za kesi."

Alipomaliza, hapakuwa tena na la kurekebisha.

Wale watu walijadiliana siku mbili. Waliporudi, msemaji wao akasimama akatamka, nami nikamnong'oneza mzee: "Ana hatia."

Mzee akainamisha kichwa kwa adabu, hata hakushtuka. Akamtazama jaji. "Haya, wazee wamesema. Na mheshimiwa anaonaje?"

Nikatafsiri. Jaji akavua miwani.

"Mimi sina la kuona, Bwana Mwadini. Uamuzi ni wao, na siwezi kuubadilisha."

Nikatafsiri na hilo. Mzee akanigeukia.

"Kweli, mwanangu?"

Swali hilo aliniuliza mimi, si mahakama, na kwa kanuni sikutakiwa kulijibu.

"Kweli, baba," nikasema.

Akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, akawageukia wale kumi na wawili.

"Basi naomba niseme nao."

Nikatafsiri. Jaji akajibu kwamba muda wa kusema nao umekwisha, na hilo nalo nikamtafsiria.