Ufa Nyuma ya Kabati

Olweny alimpigia simu mama yake akamwambia kwamba Jumamosi atakuja na mtu wa kuangalia nyumba. Hakusema zaidi. Abbo, mama yake, alishukuru sana. Alidhani bati linalovuja sebuleni hatimaye limepata fundi. Olweny alimsikia akicheka kwa furaha, naye akaaga haraka na kukata simu.

Nyumba hiyo ya kijijini Kiyeyi, Uganda, Olweny aliijenga mwenyewe baada ya baba yake kufariki, kwenye kiwanja kilichoandikishwa kwa jina lake mwenyewe, ili mama apate pa kukaa. Yeye aliishi Busia na mkewe Babra, akifanya kazi ya kupitisha mizigo ya watu mpakani. Sasa alitaka lori lake mwenyewe, na nyumba ndiyo mali pekee aliyoweza kuuza. Wenzake walimshauri aikaguze kabla ya kuitangaza, mnunuzi asije akagundua ubovu na kuanza kuvuta bei chini. Kuhusu mama, alijiambia atamweleza baadaye, akishajua hali ya nyumba. Atampangia chumba Busia, karibu na wajukuu. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara moyo ulikataa kutulia.

Mkaguzi aliitwa Patroba, Msamia wa upande wa Kenya. Hakujua Kidhopadhola, lugha ya akina Olweny, kwa hiyo siku hiyo waliongea Kiswahili. Abbo alikuwa amefagia uwanja na kuvaa gauni lake la kanisani.

"Karibu, mwanangu," alimwambia Patroba. "Nyumba iko sawa. Ni bati tu inasumbua."

Patroba alipanda ngazi akatazama paa, akagongagonga plasta, akaweka pima maji ukutani kuona kama umenyooka. Abbo alimfuata kila chumba akiwa na birika la chai mkononi. Walipofika chumbani kwake, Patroba akaonyesha kabati lililosimama kwenye kona.

"Tusogeze hili kidogo."

"Hiyo acha," Abbo akasema upesi. "Nzito."

Lakini Olweny alikuwa ameshalishika. Nyuma yake kulikuwa na ufa uliotoka sakafuni hadi dirishani, mpana kiasi cha kuingiza vidole. Ulikuwa umezibwa kwa udongo na vitambaa. Alama za vidole vya mama yake zilionekana pale alipoulainisha.

"Ilianza lini, mama?" Patroba akauliza.

"Mvua ya mwaka jana." Abbo aliinamisha uso. "Sikutaka yeye aone. Ana watoto shuleni, ana mambo mengi. Nilisema nitaziba mimi, pole pole."

Patroba, aliyekuwa amechuchumaa akichunguza chini ya ufa, hakuona nyuso zao.

"Msingi umetitia upande huu," alisema. "Bwana Olweny, usiifiche kwa plasta. Mnunuzi akileta mtu wake, ataiona tu."

"Mnunuzi?" Abbo akauliza.

Patroba akainuka taratibu. Alimtazama Olweny, na Olweny akatazama sakafu.

"Mama, nilikuwa nikuambie," alisema kwa lugha yao.

"Lini?"

Abbo aliweka birika juu ya kabati, akamgeukia Patroba.

"Njoo. Kuna ingine."

Akamwonyesha maji yanapoingilia jikoni. Akamwonyesha mlango usiofunga wakati wa mvua, na sakafu ya choo iliyoanza kuinama. Yote aliyokuwa akimficha mwanawe, aliyatoa nje moja moja.

"Angalia yote," alisema. "Mtu asinunue halafu ukuta iangukie watoto wake."

Olweny alitembea nyuma yao amebeba ngazi.

Njiani wakirudi Busia, Patroba akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Nilidhani anajua."

"Kosa ni langu," Olweny akajibu.

Jioni hiyo alimwambia Babra kwamba hauzi tena. Baada ya wiki chache mafundi walifukua ule upande wa msingi, wakaujenga upya, wakabadilisha pia mabati. Olweny alisimamia kazi mwenyewe. Alimwambia mama yake waziwazi: nyumba ni yako, siuzi. Abbo alishukuru, akawapikia mafundi, hakumlaumu hata siku moja.

Msimu wa kupanda ulipofika, Olweny alimtembelea akakuta bustani ya nyuma imejaa majani. Kila mwaka wakati kama huo ilikuwa na kunde.

"Mama, mbona hujapanda?"

"Nilikuwa nangoja nikuulize, baba," Abbo alisema kwa upole. "Sikujua kama mtaihitaji."

"Panda, mama. Panda kote."

"Haya. Asante."

Alivyoshukuru, ungedhani ni mpangaji aliyeongezewa mwezi. Olweny alivua shati, akatafuta jembe, akaanza kulima. Abbo alimtazama kidogo kutoka mlangoni, kisha akaenda kumtandikia meza na kumtengea chakula peke yake, kama anavyotengewa mgeni.